Roboti Ikiungua Moi's Bridge, Nani Ataitengeneza?

Mwalimu wa kompyuta aliyetengewa shilingi 20,000 aanzishe klabu ya roboti katika shule ya kutwa viungani mwa Moi's Bridge ana maamuzi mawili ya kufanya kabla ya kutoa hata senti: anunue bodi gani, na wanafunzi waiandikie programu kwa lugha gani. Akiuliza kwenye semina ataambiwa Arduino. Kijana wa jirani anayesomea uhandisi katika chuo kikuu cha JKUAT atamwambia Raspberry Pi. Wakala wa vifaa vya shule atamfungulia katalogi ya LEGO. Wote wana hoja, ila wote wameruka maswali mawili ya kwanza. Timu hiyo inakwenda kushindana wapi? Na kitu kikiungua Jumanne jioni, nani atakirudisha kazini Jumatano asubuhi?

Hilo la pili ndilo linaloniuma. Klabu za roboti mashuleni hazifi kwa kukosa vipaji. Hufa siku kifaa kimoja kinapoharibika, barua ya kuagiza kingine ikakaa kwa bursa muhula mzima, na mtoto aliyekuwa akila chakula cha mchana mbiombio ili awahi maabara akarudi zake uwanjani. Tuliliona jambo hili kwa ukubwa wake baada ya mwaka 2016, serikali ilipoanza kupeleka tableti katika shule za msingi. Zaidi ya vifaa milioni moja vilisambazwa, na Chuo Kikuu cha Moi kilikuwa miongoni mwa waliopewa zabuni ya kuvitoa. Hata hivyo ziko shule ambako tableti hizo ziliishia stoo, ama kwa hofu ya wezi, ama kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuzifungua zilipozima.

Na Moi's Bridge si mahali pa kukosa mafundi. Mji huu, ambao zamani uliitwa Hoey's Bridge kwa jina la mlowezi Cecil Hoey aliyejenga daraja juu ya mto Nzoia, uko kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kitale, ukishapita Soy na Matunda, katikati ya mashamba yanayoilisha Kenya mahindi. Msimu wa mavuno malori hupanga foleni nje ya maghala ya bodi ya nafaka, NCPB. Penye mahindi pana mashine za kupukuchua, vinu vya kusaga, matrekta, pampu za maji na pikipiki za kubebea magunia, na penye mashine pana mtu anayejua kuzifufua. Mtembelee fundi wa simu kibandani kwake. Mezani ana chuma cha kulehemu, mita ya kupimia umeme, lenzi, na boksi lenye betri alizozitoa katika laptopu zilizokufa. Kwangu mimi huyo ndiye mhandisi wa kwanza wa klabu ya roboti. Kitu ambacho anaweza kukifungua, kukipima na kukibadilishia kipuri kina maisha hapa. Asichoweza kukifungua ni mgeni wa muda.

Lakini kabla ya kufika kwa fundi kuna kanuni za mashindano, ambazo mara nyingi humchagulia mwalimu kila kitu. Mashindano ya FIRST Global, yaliyoanzishwa na mvumbuzi wa Marekani Dean Kamen, yalifanyika mara ya kwanza Washington mwaka 2017, na Kenya ilikuwapo. Tangu hapo yamepita Mexico City, Dubai, Geneva, Singapore, Athens na Panama. Kila taifa hupokea sanduku la vifaa la aina moja, na akili ya roboti ni kifaa cha kampuni ya REV Robotics kinachotumia Android. Kwa kuwa ni Android, lugha yake ni Java, au vitalu vya rangi vya kuburuta kwa wale ambao Java bado inawasumbua. Timu haikai kitako kujadili lugha, maana sanduku limeshaamua. Katika FIRST Robotics Competition, ligi ya vijana wa sekondari iliyokita mizizi Marekani, kwa miaka mingi akili ya roboti imekuwa roboRIO ya National Instruments, na timu zikachagua kati ya LabVIEW, C++ na Java. Python ilikubaliwa rasmi msimu wa 2024 tu, ingawa vijana walikuwa wakiiomba na kuitumia kwa njia za pembeni kwa miaka.

Mfumo huo una haki yake. Kila timu ikiwa na sanduku lilelile, mtoto wa Lesotho na mtoto wa Ujerumani wanashindana kwa fikra badala ya pochi ya mzazi. Ila sanduku hilo ni la timu moja ya taifa. Halifiki kwa majirani zetu wa Likuyani wala Kiminini, na likifika shule moja, shule arubaini za jirani zitalisikia redioni.

Mashindano ambayo mtoto wa Moi's Bridge anaweza kuyaingia bila visa wala mfadhili ni yale ya Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya, KSEF, ambayo wazazi wetu waliyaita kongamano la sayansi. Yanaanzia shuleni, yanapanda kaunti ndogo, kaunti, kanda, hadi taifa. Roboti zina kitengo chake, na hakuna anayekulazimisha kutumia bodi ya kampuni fulani. Majaji hutazama maandishi ya mradi, maelezo ya mdomo, na zaidi ya yote fikra ya kisayansi na ubunifu. Jaji akikuuliza kwa nini waya huu umeingia hapa, usipojua umekwisha. Kanuni hiyo inaipa nafasi shule maskini inayojua roboti yake hadi uchi wa waya, na ndiyo sababu ninasema klabu changa ianzie KSEF, ichague vifaa kwa kuzingatia KSEF, na masanduku ya kimataifa yaje baadaye kama yatakuja.

Sasa tuje kwenye LEGO, kwa sababu ndiyo inayotamanisha walimu wakuu. Vifaa vya Mindstorms vilitoka mwaka 1998, vikafuatwa na NXT mwaka 2006 na EV3 mwaka 2013, na vimewafunza mamilioni ya watoto duniani. Ni vizuri, nakiri bila kinyongo. Mtoto hachomwi na chuma cha kulehemu, hakosei chanya na hasi, na ndani ya dakika arubaini ana kitu kinachotembea. Lakini mwishoni mwa 2022 kampuni iliacha kuuza Mindstorms. Shule iliyojinyima ikanunua EV3 ilijikuta inatafuta kebo na betri za kifaa ambacho mwenyewe ameshakiacha. Mrithi wake, SPIKE Prime, anapokea vitalu vya kuburuta na Python, na bei yake Marekani imekuwa karibu dola 400 kwa seti moja. Hizo ni zaidi ya shilingi 50,000 kabla ya nauli na ushuru. Kifaa cha bei hiyo katika shule ya kutwa hufunguliwa siku ya wageni. Watoto hukitazama, mmoja hukishika, wengine huambiwa wakae mbali. Plagi zake ni za aina yake, kwa hiyo mota iliyotolewa kwenye printa mbovu haiingii bila upasuaji. Fundi wetu wa simu hana la kufanya nacho.

Kuna mfano ambao kila mwalimu wa eneo hili angefaa kuujua. Mwaka 2012 mtandao wa roboti wa Afrika, AFRON, uliokuwa umeanzishwa na Ayorkor Korsah wa Chuo cha Ashesi nchini Ghana pamoja na Ken Goldberg wa Berkeley, ulitangaza shindano la kubuni roboti ya kufundishia lililolenga gharama ya dola 10. Mmoja wa washindi, Thomas Tilley aliyekuwa akiishi Thailand, alichukua kidhibiti cha michezo ya video, kile cha kushika kwa mikono miwili. Ndani ya kifaa hicho tayari mlikuwa na mota mbili za kukitetemesha, vijiti vya kuelekeza, na waya wa USB. Akazitoa mota zikawa za magurudumu, akaongeza vihisi vya mwanga, na pipi mbili za kijiti zikawa uzito wa kusawazisha. Gharama yote ikawa dola 8.96, na roboti ikaitwa Lollybot. Tilley hakusubiri duka la roboti lifunguliwe mtaani kwake. Aliangalia ni mashine gani tayari zimejaa sokoni kwa bei ya kutupa, akauliza ndani yake mna nini. Hapa kwetu zimejaa printa zilizokufa, redio, DVD, simu zenye kioo kilichopasuka, na vidude vya kuchezea vya watoto vinavyouzwa chini kwenye turubai siku ya soko. Nchini Uganda, Solomon King Benge alianzisha Fundi Bots mwaka 2011 kwa imani ya aina hiyohiyo, kwamba sayansi huingia kichwani kupitia mikono, na leo shirika hilo linafanya kazi na mamia ya shule.

Basi ni bodi gani? Arduino ilizaliwa mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu waliotaka kuwasha taa na kuzungusha mota bila kusomea uhandisi wa umeme. Uno, iliyotoka mwaka 2010, ndiyo bodi ambayo karibu kila somo la roboti limeandikiwa. Michoro yake iko wazi, ndiyo maana viwanda vya China hutoa nakala zake kwa bei ya chini kabisa bila kuvunja sheria. Ina fadhila nyingine ambayo watu huisahau: katika Uno ya kawaida chipu kubwa imekaa kwenye soketi. Ikiungua unaing'oa taratibu kwa bisibisi, unapachika nyingine iliyokwisha kuandaliwa, na bodi inaendelea. Inafanya kazi kwa volti 5 na inavumilia makosa ya mtoto kuliko bodi nyingi.

Udhaifu wake ni kumbukumbu. Uno hiyo ya kawaida ina kilobaiti 2 tu za kufanyia kazi. Kwa roboti ya kufuata mstari zinatosha na kubaki. Siku mtoto atakapotaka roboti itume ujumbe kwa simu, ihifadhi vipimo na ioneshe ukurasa wenye grafu, Uno itamwambia hapana. ESP32, iliyotolewa na kampuni ya Espressif ya Shanghai mwaka 2016, ina kilobaiti 520, zaidi ya mara 250, na ndani yake tayari mna Wi-Fi na Bluetooth. Katika maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, bodi yake huuzwa takriban shilingi 1,000 hadi 1,500, na jioni unaipakia kwenye basi la usiku la Kitale. Raspberry Pi Pico, iliyotangazwa mwaka 2021 kwa dola 4, ni nzuri pia, ingawa ile ya kwanza haina Wi-Fi.

Raspberry Pi kubwa, ile ya kijana wa JKUAT, ni kitu kingine kabisa. Ni kompyuta kamili yenye Linux na kadi ya kumbukumbu. Katika Robotics Dojo, mashindano ya vyuo yanayofanyika JKUAT kwa kushirikiana na shirika la maendeleo la Japani, JICA, ina mahali pake, kwa sababu pale roboti inatakiwa ichore ramani ya chumba na ijitafutie njia, kazi inayotaka ROS, mfumo wa programu za roboti, na nguvu ya kompyuta. Lakini Pi haipendi kuzimwa ghafla. Umeme ukikatika wakati inaandika kwenye kadi, kadi yaweza kuharibika na kila kitu kianze upya, na anayeishi Moi's Bridge haelezwi umeme kukatika ni nini. ESP32 unaichomoa saa yoyote, unairudishia umeme, na katika sekunde chache imerudi kazini.

Kwa shilingi 20,000 ningenunua ESP32 sita. Uno ina watetezi wenye akili na sitagombana nao, lakini ESP32 ina jambo moja ambalo Uno haina: inakubali lugha zote mbili ambazo mtoto wa klabu atazihitaji, Python na C++, kwenye bodi ileile.

Katika lugha, mjadala wa walimu hufanana na wa mashabiki wa mpira. Mwenye C++ humdharau mwenye Python, mwenye Python humcheka mwenye Scratch. Tuanze na hali ilivyo darasani. Walimu wengi waliosomea somo la kompyuta la KCSE walikutana na Pascal au Visual Basic, na watahiniwa wa mwisho wa KCSE wanatarajiwa mwaka 2027. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, iliidhinisha mtaala wa usimbaji wa Kodris Africa kwa shule za msingi na sekondari, na mtaala huo umejengwa juu ya Python. Watoto wa mtaala wa umilisi walioingia sekondari pevu Januari 2026 walichagua mikondo yao, ukiwamo wa sayansi na teknolojia, wakiwa wameshasikia usimbaji, angalau kwa jina. Kwa hiyo Python ndiyo lugha ambayo mwalimu wa darasani na mwalimu wa klabu wanaweza kuifanya iwe moja.

Na Python inaingia kwenye bodi ndogo. Mwaka 2013 Damien George, mwanafizikia kutoka Australia, alichangisha fedha kutoka kwa umma akatengeneza MicroPython, Python iliyopunguzwa mwili ili ikae ndani ya chipu ndogo. Kwa ESP32 faili lake ni chini ya megabaiti 2. Linganisha na njia ya C++ kupitia programu ya Arduino: kuiandaa kompyuta iitambue ESP32 kunataka kupakua mamia ya megabaiti, na kwenye kompyuta kuukuu ya maabara kila badiliko dogo linachukua dakika kadhaa kutafsiriwa kabla halijafika kwenye bodi. Mwalimu anayenunua bando kwa pesa zake anajua hesabu hiyo inaishia wapi. Kwa MicroPython anahitaji Thonny, programu ndogo iliyotoka Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, inayofanya kazi bila intaneti kwenye mashine ya zamani. Mtoto anaandika mstari mmoja, anabonyeza kitufe, taa inawaka palepale. Anabadilisha nambari, inazima. Anayejifunza anahitaji jibu kabla hamu haijamtoka, na dakika tatu za kungoja kila kosa ni ndefu mno kwa kijana wa miaka 14 aliye na saa moja ya klabu kwa wiki.

C++ ina siku yake, nayo hujileta yenyewe. Roboti ya kufuata mstari inayokwenda mita 1 kwa sekunde husogea sentimita 1 katika kila milisekunde 10. MicroPython hukimbia polepole kuliko C++, na mara kwa mara husimama kidogo kusafisha kumbukumbu yake. Kisimamo cha milisekunde chache hakionekani kwenye taa, lakini kwenye kona kali roboti inakuwa imeshatoka kwenye utepe. Timu ikifika hapo, ikawa na roboti ambayo Python inaichelewesha, ndipo watoto wataisoma C++ kwa njaa, kwa sababu wanajua wanatafuta nini ndani yake. Nimeona vitabu vinavyoanza na aina za data na alama za nukta-mkato kwa sura tatu kabla ya kuzungusha gurudumu. Vinafukuza watoto.

Scratch, iliyotoka MIT mwaka 2007, ningeiacha kwa Gredi za chini, na Java kwa timu iliyobahatika kupata sanduku la FIRST.

Sasa niseme yanayotokea mezani, kwa sababu hapo ndipo wiki mbili za kwanza huliwa. La kwanza ni kebo. Bodi inachomekwa kwenye kompyuta, taa yake inawaka, lakini kompyuta haiioni. Wanafunzi wanadhani bodi ni mbovu, mwalimu anaanza kutafuta risiti. Kumbe kebo iliyonunuliwa dukani ni ya kuchajia tu: ndani ina waya mbili za umeme, na zile mbili za kubeba data hazimo. Simu inachaji vizuri, kwa hiyo hakuna anayeishuku. Ukishapata kebo kamili na kompyuta bado imenyamaza, huenda inakosa draiva ya chipu ya CH340, ambayo nakala nyingi za China huitumia kuzungumza na USB. Faili hilo ni dogo, linakaa kwenye flashi, na kila mwalimu wa klabu anapaswa kutembea nalo.

La pili ni umeme. Watoto huunganisha mota na bodi kwenye betri moja, roboti inaanza, inasogea kidogo, inasimama, inaanza tena, kwa kushtukashtuka. Programu haina kosa. Mota inapoanza kuzunguka hunyonya umeme mwingi kwa mara moja, volti zinaporomoka, ESP32 inagundua imekosa nguvu na inajiwasha upya. Dawa ni kuipa mota betri zake na bodi betri yake, kisha kuunganisha hasi za pande zote mbili ziwe moja. Wanaoisahau hiyo hasi ya pamoja hupoteza siku nzima. Mawe ya tochi hayafai hapa, yanachoka upesi na gharama yake haiishi. Seli za laptopu za fundi wa simu, zile za volti 3.7, zinafaa sana, mbili zikifuatana zinatoa 7.4. Kidude cha kuendeshea mota kinachouzwa kila mahali, L298N, ni cha teknolojia ya zamani na hula kama volti 2 njiani, kwa hiyo mota itapata 5 na ushei, kiasi kinachozitosha zile mota ndogo za manjano. Ila seli hizo ni za lithiamu: zisiguse chanya na hasi kwa bahati mbaya, zisichajiwe bila kidude chake cha kuzilinda, na zisiachwe na watoto usiku. Zinawaka moto.

Jambo jingine la umeme: kihisi cha sauti cha HC-SR04, kile chenye macho mawili kinachopima umbali, hurudisha ishara ya volti 5, na miguu ya ESP32 imetengenezwa kwa 3.3. Rezista mbili, moja ya kilo-om 1 na nyingine ya 2, zinaishusha ishara hiyo hadi kiwango salama. Ni vipuri vya shilingi chache. Bila hizo, mguu wa bodi unaweza kufa, na mtoto atajifunza sheria ya Ohm kwa uchungu. Akizipachika mwenyewe na kuzipima kwa mita ya fundi, ataweza kumweleza jaji wa KSEF bila kutazama karatasi.

Na jua. Vihisi vya kufuata mstari hutoa mwanga wa infraredi usioonekana na kupima unaorudi: sakafu nyeupe inaurudisha, utepe mweusi unaumeza. Lakini jua nalo limejaa infraredi. Roboti iliyofanya kazi jioni nzima darasani inapelekwa kwenye ukumbi wenye madirisha makubwa saa nne asubuhi na inapotea kama haijawahi kuuona mstari. Sakafu ya saruji yenye rangi nyekundu iliyong'arishwa inaongeza mkorogo wake. Timu iliyoandika kwenye programu nambari isiyobadilika ya "mweusi" imekwisha. Timu iliyoifundisha roboti ipime sakafu na utepe kwa sekunde chache kila inapowashwa, kisha ijichagulie mpaka yenyewe, itapita. Hapo tena Thonny inaokoa: wanachomeka laptopu, wanaona vipimo vikipita kwenye skrini, wanabadilisha nambari palepale kabla hawajaitwa.

Mradi wenyewe uwe upi? Kufuata mstari ni mazoezi mazuri, lakini eneo hili lina tatizo linalojulikana na kila mzazi. NCPB haipokei mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5. Mkulima anakodi lori, anapanga foleni, kipimo kinasema 15, anarudi nayo nyumbani au anamuuzia wakala kwa bei ya kutupa. Nafaka mbichi ikifungiwa ndani huota kuvu, na kuvu hiyo huleta sumu ya aflatoksini. ESP32 yenye kihisi cha unyevu na joto, mkono mdogo wa mota unaochoma gunia moja baada ya jingine na kutuma vipimo kwa simu ya mkulima, ni roboti kamili. Ina mota, kihisi, mawasiliano na hesabu. Kazi ngumu iko kwenye kukilinganisha kihisi cha bei nafuu na kipimo cha kweli, gunia kwa gunia, na kuandika jedwali la makosa yake. Majaji hupenda jedwali kama hilo kuliko taa zinazometameta, na wana haki.

Kuna kikwazo kimoja ambacho si cha waya. Moi's Bridge iko Uasin Gishu, lakini ukivuka kidogo uko Likuyani, kaunti ya Kakamega, na ukisonga mbele uko Trans Nzoia. Shule mbili ambazo watoto wake wanapanda matatu moja zinapelekwa njia tofauti za mashindano: mmoja anapanda hadi kanda ya Bonde la Ufa, mwingine anaelekea kanda ya Magharibi pamoja na wa Bungoma. Hawakutani hadi taifa, na wengi hawafiki taifa. Wanajifunza makosa yaleyale kila upande wa mpaka bila kuambizana.

Kitale National Polytechnic iko karibu, na Chuo Kikuu cha Kibabii huko Bungoma kina wanafunzi wa kompyuta wanaohitaji mahali pa kutumia wanachokisoma. Ningependa vyuo hivyo viandae ligi ya Jumamosi kwa shule za pande zote za Nzoia. Kanuni ziwe chache. Bodi yoyote, lugha yoyote, vipuri vyote kwa pamoja visizidi shilingi 5,000, na vilivyotolewa kwenye mashine mbovu vihesabiwe sifuri. Vifaa vya kila timu viwe wazi mezani na programu yake ibandikwe ukutani wengine wainakili. Na katikati ya shindano, jaji apite kwa kila roboti, achomoe kitu kimoja ambacho timu haikuambiwa, mota, rezista au waya wa hasi, aondoke nacho, na timu ipewe dakika kumi na mita moja ya kupimia umeme kutafuta kilichopungua na kuirudisha roboti barabarani.